Firigisi inasaga, haipiki: yanayosemwa kuhusu soya ya kuku

"Kuku ana firigisi, hata soya mbichi anaimaliza."
Hii ndiyo ninayoisikia zaidi pale mashineni, tena kwa watu waliofuga miaka mingi. Firigisi inasaga kweli, lakini haipiki. Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, kimeng'enya kinachovunjavunja protini utumboni. Tripsini ikishikwa, protini inapita tu na kuishia kwenye maranda. Kongosho nalo linalazimika kutoa nyingine, kisha nyingine tena, mpaka linanenepa. Ukimchinja kuku aliyelishwa hivyo, mara baada ya firigisi utaona utumbo umejikunja kama kitanzi, na katikati yake kipande kirefu cha rangi ya waridi iliyopauka. Hilo ndilo kongosho. Lilinganishe na la kuku wa jirani anayepika soya yake.

Vifaranga ndio wanaoumia zaidi: wanamaliza chakula, na uzito hauonekani. Kuku wa mayai waliokomaa huvumilia zaidi, ndiyo maana mwenye nao hukujibu, "Mbona wangu hawana shida?" Wala si habari mpya. Mwaka 1917 watafiti Osborne na Mendel, huko Marekani, walionyesha kuwa panya hawakui vizuri kwa soya mpaka ipikwe.

"Kuloweka usiku kucha kunatosha."
Kuloweka hulainisha punje na kutoa sehemu ya sukari zinazoleta gesi (maji yake mwaga). Vizuizi vingi hubaki vilevile. Dawa yake ni joto. Chemsha kama nusu saa tangu maji yatokote, kisha anika mpaka punje ikatike kwa mlio ukiing'ata. Ukisaga ikiwa na unyevu, unakaribisha ukungu na sumukuvu.

"Ikaange iwe nyeusi, ndiyo salama."
Hapo umeua vizuizi pamoja na laisini, moja ya amino, yaani vijenzi vya protini, ambazo kuku anazihitaji. Protini ipo, lakini kuku haipati. Lenga kahawia hafifu, ganda limepasuka, na ladha ya ubichi imekwisha mdomoni. Mimi nachemsha, kwa sababu kwenye kikaango punje za chini huungua za juu zikiwa bado mbichi.

Huna uhakika kama imeiva? Weka vijiko viwili vya soya iliyosagwa kwenye chupa, kijiko cha mbolea ya urea na maji kidogo, funga, subiri dakika 20. Ukifungua ukapigwa na harufu kama ya banda lililochelewa kubadilishwa maranda, hiyo bado mbichi. Soya mbichi ina kimeng'enya kinachogeuza urea kuwa amonia, na joto hukimaliza sambamba na vile vizuizi. Kipimo hiki hakikuambii kama umeiunguza. Ukimaliza, mwaga mbali na kuku.

"Soya ikishaiva, dagaa wa nini?"
Soya ina laisini ya kutosha, ila methionini, amino nyingine anayoihitaji kuku, ni haba. Anayelisha mbichi anapoteza mara mbili, maana vimeng'enya vile vinavyomwagwa na kongosho vimejengwa kwa amino zenye salfa, methionini ikiwamo, na vingi huishia kwenye kinyesi. Dagaa huziba pengo hilo, na mashudu ya alizeti husaidia. Ukikosa, methionini ya unga huuzwa kwenye maduka ya pembejeo.

Fosforasi ya soya nayo, kama theluthi mbili, imefungwa kwenye faiteti, umbo ambalo kuku hulimeng'enya kwa shida, na kuchemsha hakuifungui. Usiondoe unga wa mifupa kwenye mchanganyiko.