Mitishamba ya sonona: "haina madhara" si kweli

Wengi husema dawa ya mitishamba, hata isipokuponya, haikudhuru. Kwa Hypericum perforatum, mmea wa maua ya manjano unaotumika kutibu sonona, usemi huo ni hatari. Na si kwamba haufanyi kazi. Kwenye sonona nyepesi hadi ya wastani, majaribio mengi yameukuta ukikaribiana na vidonge vya kawaida, kwa kipimo ambacho mara nyingi ni miligramu 300 za dondoo, mara tatu kwa siku.

Shida iko kwenye ini. Kiambato cha mmea huu, haipaforini, huchochea vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa nyingine, hasa kile kiitwacho CYP3A4. Vidonge vya uzazi wa mpango, wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), baadhi ya dawa za VVU na zile za kulinda figo iliyopandikizwa huondolewa mwilini kabla ya kumaliza kazi. Mtu anameza kidonge chake kila siku bila kukosa, na mimba inaingia. Ukiacha mmea, vimeng'enya huchukua kama wiki mbili kutulia.

Ukiuchanganya na fluoksetini, kidonge cha kutibu sonona, serotonini (kemikali ya ubongo) inaweza kuzidi: jasho, kutetemeka, homa, kuchanganyikiwa. Fluoksetini hubaki mwilini wiki kadhaa, kwa hiyo kuiacha jana na kuanza mmea leo bado ni kuchanganya.