Je, Wajua Kwa Nini Mada Kubwa Haitafitiki?

Kipindupindu kiliporudi London mwaka 1854, wataalamu wengi wa afya waliamini kuwa kinaletwa na hewa yenye uvundo. Daktari John Snow alishuku maji. Lakini kushuku si kutafiti, na swali "kipindupindu husababishwa na nini?" lilikuwa na kasoro moja kubwa: hakuna mtu awezaye kubeba daftari asubuhi akaenda kulijibu. Aanzie wapi? Ahesabu nini?

Snow akatafuta swali linaloweza kuhesabiwa. Kusini mwa jiji kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ile ile, hata nyumba hii ikapata kwa moja na ya jirani kwa nyingine. Southwark and Vauxhall ilichota Mto Thames jijini penyewe, mahali majitaka yalipokuwa yakimwagwa. Lambeth ilikuwa imehamishia mitambo yake Thames Ditton mwaka 1852, juu zaidi ya mto, kabla uchafu wa jiji haujaingia. Wateja wa pande zote mbili walikuwa mchanganyiko wa matajiri na maskini, na wote walivuta hewa moja. Swali likawa: je, nyumba zinazotumia maji ya kampuni ya kwanza zinafiwa zaidi kuliko zinazotumia ya pili? Mkazi asipojua maji yake ni ya nani, Snow aliyapima chumvi, kwa kuwa maji yaliyochotwa jijini yalikuwa na chumvi nyingi zaidi. Katika majuma 7 ya kwanza ya mlipuko, vifo vilikuwa 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall, na 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth.

Mada ilikuwa ile ile ya kipindupindu. Ila sasa kulikuwa na makundi mawili ya kulinganisha na kitu kimoja cha kuhesabu, na hapo ndipo utafiti ulipowezekana.

Nalitaja hili kwa sababu wanafunzi wengi hudhani kubana mada ni kuipunguzia eneo. Anayeanza na "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana" huambiwa mada ni pana, naye hurudi na "Athari za mitandao ya kijamii kwa vijana katika wilaya fulani, mwaka fulani hadi mwaka fulani". Msimamizi anaikataa tena, mwanafunzi anaona anaonewa. Ukweli ni kwamba ramani imepungua lakini swali bado halijazaliwa. Athari gani? Mtandao unaotumika vipi? Kijana wa miaka 13 au wa 29? Neno "athari" peke yake linaweza kubeba usingizi, alama za mitihani, urafiki, lugha, hata matumizi ya pesa, na kila moja lina njia yake ya kupimwa.

Tuchukue usingizi. Sasa tunaweza kuuliza: je, wanafunzi wa sekondari wanaoacha simu nje ya chumba cha kulala hulala saa nyingi kuliko wanaolala nayo kando ya mto wa kulalia? Kuna watu wanaojulikana, kuna makundi mawili, kuna saa za kuhesabu. Mtu anaweza kuanza kazi.

Lakini usishangilie mapema. Huenda anayeacha simu nje ana wazazi wakali ambao pia huzima taa mapema. Tofauti ikionekana, ni ya simu au ya wazazi? Aliyeuliza "athari za mitandao" hawezi hata kuliona tatizo hili, kwa sababu swali lake halina mahali pa kulishika. Swali lililobanwa vizuri huanika udhaifu wake lenyewe. Sasa unaweza kuamua: utalinganisha wanafunzi wa bweni moja wanaozima taa kwa wakati mmoja, au utawaomba wanafunzi wale wale walale wiki moja na simu chumbani na wiki nyingine bila simu. Huo uamuzi ni nusu ya utafiti wenyewe, na umefanyika kabla ya dodoso lolote kuchapwa.

Neno "kwa nini" nalo lina mtego. Mwaka 1963 mwanabiolojia Niko Tinbergen alionyesha kwamba tukiuliza kwa nini mnyama anafanya jambo, tunaweza kuwa tunauliza mambo manne tofauti. Kwa nini ndege anaimba? Kwa sababu ya homoni na mishipa ya fahamu inayomsukuma sasa hivi. Kwa sababu alijifunza alipokuwa kinda. Kwa sababu wimbo humvutia jike na kulinda eneo lake. Au kwa sababu ya historia ndefu ya mabadiliko ya spishi yake. Majibu yote manne yanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja, na watafiti wawili wanaweza kubishana mwaka mzima bila kujua kwamba hawajibu swali moja. Kwa hiyo ukiona "kwa nini" katika swali lako, ligawe kwanza.

Kwa upande wa historia na fasihi hakuna haja ya kulazimisha hesabu. Huko mbano mara nyingi hutoka kwenye chanzo. "Maisha ya wafanyakazi wa zamani" haina mwisho, bali rundo moja la barua zao za malalamiko kwa waajiri linaweza kuulizwa: wanatumia hoja gani kudai nyongeza, na je, hoja hizo zilibadilika baada ya vyama vyao kuundwa? Kumbuka kwamba ulinganisho umeingia tena, safari hii kati ya kabla na baada.

Kubana kupita kiasi nako kupo, ingawa hakuonekani mara nyingi. "Wanafunzi wangapi wana simu?" ni takwimu, ukishaipata, kazi imekwisha na hakuna cha kujadili. Kibaya zaidi ni swali lililokwisha kujijibu, kama "Kwa nini mitandao inaharibu maadili?", ambalo limehukumu kabla ya kusikiliza shahidi.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la karatasi tupu. Kabla ya kukusanya data yoyote, chora jedwali la matokeo bila namba ndani yake: safu zitaitwaje, mistari itaitwaje. Usipoweza kulichora, swali bado ni mada. Ukiweza, lijaze namba za kubuni mara mbili, kwanza zinazokubaliana na dhana yako, kisha zinazoipinga, halafu jiulize ungeandika nini katika kila hali. Kama sentensi inakuwa ile ile mara zote mbili, rudi kwenye swali. Na majedwali hayo uliyoyachora yatupe kabla ya kazi kuanza, zisije namba za kubuni zikachanganyika na za kweli.