Je, wajua kwa nini barabara nyingi za viunga vya Nairobi huishia ukutani?

Ukitoka Tom Mboya Street kwenda River Road, msongamano haukuzuii. Luthuli ikijaa unakata Latema, Latema ikijaa kuna Accra Road. Sasa jaribu Ruaka au Ruiru. Mama anayeanika nguo nyuma ya nyumba anasikia redio ya jirani ng'ambo ya ukuta, ila akitaka kumfikia lazima atoke mpaka kwenye lami, aifuate, kisha aingie ndani tena kwa geti lingine.

Sababu kubwa ni umiliki wa ardhi. Reli ilipofika mwaka 1899, ardhi ya katikati ilikuwa mikononi mwa reli na serikali, basi mitaa ikachorwa kwa mpango mmoja, ikakutana kwa njia panda. Viunga vingi vya leo vilikuwa mashamba, na kila shamba hukatwa peke yake, siku mwenyewe anapoamua kuuza. Mpimaji huambiwa atoe ploti nyingi awezavyo, mara nyingi za futi 50 kwa 100. Anapitisha njia moja katikati, ploti huku na huku, na njia inaishia kwenye ua wa shamba linalofuata. Kuifungua zaidi ni kutupa ploti yenye mnunuzi tayari, nani atakubali? Baadaye jirani naye anakata lake vilevile, na zile njia mbili zinapeana mgongo. Upande wa kaskazini mito imeongeza shida: kuvuka bonde kunataka daraja, na mwenye shamba hajengi daraja.

Si Nairobi tu. Watafiti waliolinganisha ramani za dunia nzima wamekuta kwamba tangu 1975 mitaa mipya imezidi kukosa miunganiko. Marekani ilifika kilele katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaanza kujirekebisha.

Matokeo yake, safari ya kununua mkate inaishia barabara kuu, pamoja na malori na matatu. Kiunga cha Rongai chote humiminika Magadi Road. (Kwa mtu wa miguu, vichochoro vya Kibera vimeungana kuliko estate nyingi za geti.)

Kurekebisha baadaye ni ghali, maana barabara ya kuunganisha hupita juu ya ploti zenye hati na nyumba, na wenyewe wanadai fidia. Kijilango cha waendao kwa miguu kingegharimu kidogo sana, ila kwenye mikutano ya wenye nyumba hukataliwa upesi: usalama.