Utafiti wa kitaamuli ni nini, na "ubora" uliingiaje humo?

Juzi nilikuwa nasoma pendekezo la utafiti la mwanafunzi mmoja, nikakwama kwenye sentensi hii: "Nitatumia utafiti wa ubora kwa kuwa watafitiwa wangu ni 12 tu." Wiki hiyohiyo mtu mwingine aliniuliza, kwa nia njema kabisa, kama utafiti wa ubora ndio ule wa kukagua bidhaa iwapo imefikia viwango. Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno, basi leo nilieleze.

Maana yenyewe haina makuu. Utafiti wa kitaamuli, ambao wengine huuita wa kithamano, wa kimaelezo au wa ubora, ni ule unaotaka kujua jambo liko namna gani, linakwendaje, na lina maana gani kwa wale wanaoliishi. Data zake hupatikana zaidi uwandani: kwa mahojiano ya kina, kwa kuwashuhudia watu katika shughuli zao, na kwa kusoma wanayoyaandika. Utafiti wa kiidadi hutaka kujua vitu ni vingapi, vimeongezeka kwa kiasi gani, na kimoja kikibadilika kingine hubadilika kiasi gani. Hiyo ndiyo maana. Kinachonisumbua ni hilo neno "ubora".

Safari yake ni ndefu. Wagiriki wa kale walikuwa na kiulizi poios, yaani "wa namna gani". Plato, mwanafalsafa wao, alikigeuza kuwa nomino, poiotes, na katika maandishi yake anayelitamka neno hilo anakiri kwamba huenda likasikika geni. Zaidi ya karne tatu baadaye, Cicero, mwandishi wa Kirumi, alikuwa akihangaika kuieleza falsafa ya Kigiriki kwa Kilatini, lugha ambayo haikuwa na neno hilo. Akafanya kama Plato: akachukua kiulizi cha kwao, qualis, ambacho nacho maana yake ni "wa namna gani", akaunda qualitas. Humo ndimo lilimotoka neno la Kiingereza tunalolitafsiri kila siku, quality. Upande wa pili, quantity, ulitokana na quantus, "kiasi gani". Kwa hiyo kabla hayajawa majina ya mikabala ya utafiti, maneno haya yalikuwa maswali mawili ya kawaida kabisa, ambayo hata mtoto huyauliza.

Katika maana hiyo ya awali hapakuwa na sifa njema wala mbaya. Uchungu wa shubiri ni qualitas sawasawa na utamu wa asali. Baadaye neno likaota tawi jingine, likaanza kumaanisha pia hali nzuri au daraja la juu. Hiyo ndiyo maana ya sokoni na kiwandani, na nadhani ndiyo iliyomfikia mfasiri kwanza, akaandika "ubora". Kwa bidhaa amepatia. Kwa utafiti ametupoteza, maana neno "bora" katika Kiswahili lina upande mmoja tu. Hakuna anayesema shubiri ina ubora wa uchungu. Anayesikia "utafiti wa ubora" ana haki zote za kudhani tunatafuta kilicho kizuri, au tunawasema wenzetu wanaohesabu kwamba utafiti wao si bora.

Majina mengine nayo yana ila zake, ingawa ni ndogo zaidi. "Kithamano" limekwepa ubora likaangukia kwenye thamani, na thamani tumeipata kwa Waarabu, ambao kwao thaman ni bei. Bei ni namba! Hata hivyo sitaki kuligombea, kwa kuwa limeshazoeleka katika tasnifu na wanaolitumia wanaelewana. "Kimaelezo" lina kasoro nyingine: sensa nayo hueleza hali ilivyo, na imejaa tarakimu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mimi hutumia "kitaamuli", kutokana na taamuli, kutafakari jambo kwa kina. Nalo linaweza kumwonea anayehesabu, kana kwamba yeye hatafakari, lakini angalau linamwambia mtafiti kazi yake ni ipi.

Kinachoniuma ni kwamba tofauti yenyewe tunayo tayari, tena katika maneno tuliyoyajua kabla ya kuanza shule: gani na ngapi. Watu gani? Watu wangapi? Hata sarufi inayatenga. "Ngapi" hukubaliana na nomino yake, ukapata vikao vingapi na miezi mingapi. "Gani" haibadiliki: vikao gani, miezi gani. Mwanafunzi akinijia hajui aende upande upi, humwomba aniandikie swali lake kwa sentensi moja, kisha tunatazama kama mwisho wake kuna ngapi au gani, au lile -je linaloshikamana na kitenzi: wanaamuaje, wanafichaje, wanaelewaje. Mara nyingi shauri huishia hapo hapo.

Kuna mfano mmoja ambao naamini Kiswahili kinaubeba vizuri kuliko lugha ulikotoka. Mwanafalsafa Gilbert Ryle alieleza kuhusu wavulana wawili ambao kila mmoja jicho lake la kulia limefumba na kufumbuka haraka. Ukiwapiga picha, hutaona tofauti. Ukihesabu, jibu ni moja na moja. Lakini wa kwanza jicho limemcheza tu, bila yeye kutaka, na wa pili amemkonyeza mwenzake kumpa ishara ya siri. Clifford Geertz, mwanaanthropolojia wa Marekani, aliuchukua mfano huo mwaka 1973 kuonyesha kazi ya mtafiti aliye uwandani ni nini. Sisi tuna vitenzi viwili tayari. Jicho humcheza mtu, mtu hukonyeza. Ukiandika katika daftari lako kwamba "alikonyeza", umeshasema kulikuwa na nia, kulikuwa na mwenzake aliyekusudiwa, na kulikuwa na jambo wasilotaka wengine walijue. Lazima uwe umekaa nao muda wa kutosha ili uwe na haki ya kulitumia neno hilo badala ya lile jingine.

Haki hiyo haipatikani darasani. Mimi niliambiwa mara nyingi kwamba mahojiano ya kina yanataka subira, nikaandika kwenye daftari, nikajibu mtihani, nikapata alama nzuri. Kisha nikaenda uwandani. Mahojiano yangu ya kwanza yalikuwa na mama mmoja aliyemuuguza mzazi wake kwa miaka mingi. Niliporudi nikakaa kuyanukuu, neno kwa neno, kazi ambayo kwa saa moja ya kurekodi hula saa nne au zaidi. Nikasikia sauti yangu. Nilimuuliza, "Ulichoka?" Akasema, "Aah, kuchoka..." kisha akanyamaza. Nilihesabu kwenye kinasa sauti: sekunde tatu. Baada ya sekunde hizo tatu nikaingia na swali la pili, kuhusu dawa. Akanijibu kuhusu dawa, kwa adabu, na kile alichokuwa anakitafutia maneno hakikurudi tena mpaka tulipoagana. Nilisimamisha kinasa sauti, nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena ile "aah". Nimeishi nayo tangu siku hiyo, na sijamkatiza mtu aliyenyamaza.

Neno "mahojiano" lenyewe lingenisaidia kama ningelisikiliza. Ndani yake mna -an-, kiambishi kile kile cha kupendana na kusaidiana. Ni kuhojiana. Mtu na mwenzake. Hojaji, ile karatasi ya maswali ya kujazwa, haina kiambishi hicho, wala haihitaji, kwa kuwa karatasi haiwezi kungoja mtu amalize kunyamaza.

Hapo ndipo ninapopinga ile dhana kwamba tofauti ni maneno dhidi ya namba, au wachache dhidi ya wengi. Hojaji yenye visanduku vya "nakubali" na "sikubali" imejaa maneno, na bado inauliza ni wangapi. Upande wa pili, anayefanya utafiti wa kitaamuli hajakatazwa kuhesabu. Mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alipokuwa visiwa vya Trobriand, ambavyo leo ni sehemu ya Papua New Guinea, katika miaka ya 1915 hadi 1918, alipiga hema lake kijijini akaishi hapo. Mwanzoni alifanya sensa ya kijiji, akaandika nasaba za watu, akachora ramani. Yeye mwenyewe alisema vitu hivyo vilibaki kuwa mali isiyo na uhai, mpaka alipoanza kuelewa watu walivyokuwa wakiishi na kuyafikiria mambo yao. Sensa haikuwa kosa. Ilikuwa inajibu swali dogo kuliko lile lililompeleka.

Kosa lenyewe hutokea kwa njia nyingine, nami hulikuta katika sura ya nne ya tasnifu nyingi: "Asilimia 60 ya wahojiwa walisema wanaogopa." Ukirudi sura ya tatu unakuta wahojiwa walikuwa 10. Watu sita wamevalishwa asilimia ili waonekane wengi, na katika kuwavalisha tumepoteza kile walichokiogopa, nani aliwatia hofu, na kwa nini wanne hawakuogopa. Hao wanne pengine ndio waliokuwa na la kutufundisha. Idadi ya watu katika utafiti wa namna hii haipangwi ili iwakilishe umma. Unaendelea kuhoji mpaka mahojiano mapya yaache kukuletea jambo ambalo hujalisikia. Inaweza kuwa watu 12, inaweza kuwa 40. Nimemwona mtafiti akikaa mwaka mzima na familia moja, na kazi yake ilikuwa nzito kuliko hojaji 300 nilizowahi kusaidia kuzichambua.

Kwa hiyo, kwa yule mwanafunzi wa sentensi ya juu, na kwa yeyote mwenye rasimu kama ile: neno "ubora" halikupi sababu ya kuchana karatasi. Kama idara yenu inalitumia, litumie, ila mara ya kwanza unapolitaja ongeza maneno machache, "yaani utafiti unaouliza jambo liko namna gani", msomaji asipotee. Kisha iondoe ile "kwa kuwa watafitiwa wangu ni 12 tu", na mahali pake uandike swali lako lililokupeleka kwao: "Ninataka kujua wauguzi wapya hujifunzaje kumpa mgonjwa habari mbaya, kwa hiyo nitashinda nao wodini na kuzungumza na 12 kati yao kwa kina." Sentensi itakuwa ndefu kidogo, si neno. Ile "tu" usiirudishe.