Magazeti mbadala yalipohamia mtandaoni, karani wa ratiba ndiye aliyepona

Kila Jumatatu asubuhi nilikuta meza yangu imejaa makaratasi. Mengine yametoka kwenye faksi, mengine yamekuja kwa posta, na mengine ni vipeperushi ambavyo mpiga gitaa fulani amevileta mwenyewe usiku na kuvisukuma chini ya mlango. Kazi yangu ilikuwa kuyageuza yote kuwa mistari: jina la bendi, ukumbi, mtaa, siku, saa ya kufungua mlango, saa ya kuanza onyesho (ni vitu viwili tofauti, na mtu wa ukumbi akikuambia ni kimoja, mpigie tena), kiingilio, umri unaoruhusiwa, namba ya simu. Mistari mia tatu na ushee kwa wiki. Jumanne usiku kurasa zinafungwa. Jumatano gazeti liko kwenye maboksi ya barabarani, bure. Alhamisi simu zinaanza kulia: tumefika, mlango umefungwa, nyie mnaandika nini huko?

Hilo lilikuwa gazeti mbadala la kila wiki, huko Marekani, na nililitumikia miaka tisa. Waandishi wa makala ndefu walikuwa wananipita kwenye korido bila kujua jina langu. Sasa nashauri vyumba vya habari kuhusu mifumo ya kuchapishia, na nimekaa kwenye usaili mwingi wa kazi upande wa anayeuliza maswali. Kila nikiulizwa ni nani aliyevuka salama magazeti yale yalipohamia mtandaoni, jibu langu linawaudhi waandishi: karani wa ratiba, yaani mwenye kazi kama ile yangu ya kuandika orodha ya matukio.

Kwanza tuelewane gazeti mbadala ni kitu gani, maana jina lenyewe linapotosha. Mfano mkubwa ni The Village Voice, lililoanza New York mwaka 1955. Mwaka 1966 yakazaliwa San Francisco Bay Guardian na lile lililokuja kuwa Boston Phoenix, kisha Chicago Reader mwaka 1971, Willamette Week la Portland mwaka 1974, LA Weekly mwaka 1978, na The Stranger la Seattle mwaka 1991. Yalikuwa yanaandika ambayo magazeti makubwa ya kila siku hayakuyataka au hayakuyaona: polisi, wenye nyumba na wapangaji wao, mashoga, muziki wa vilabuni, sinema zisizo na matangazo. Lugha ilikuwa ya mtaani na mwandishi aliruhusiwa kuwa na msimamo.

Lakini hayo ni ya mbele. Pesa ilikuwa nyuma. Chicago Reader lilitolewa bure tangu mwanzo, na The Village Voice lenyewe likaanza kugawiwa bure Manhattan mwaka 1996. Mshahara wa mwandishi ulilipwa na kurasa za mwisho: chumba kinapangishwa, anatafutwa mpiga ngoma, pikipiki inauzwa, mwanamke anatafuta mwenza, na matangazo ya huduma za watu wazima ambayo kila mtu ofisini alijifanya hayaoni. Ni mistari midogo, lakini ilikuwa maelfu, na kila mmoja umelipiwa. Mtu anayetafuta chumba alikuwa anangoja gari la gazeti lishushe mzigo.

Craigslist ilianza San Francisco mwaka 1995 kama orodha ya baruapepe, ikawa tovuti mwaka uliofuata, na karibu matangazo yote ilikuwa inayaweka bila malipo. Hapo mambo yakaisha, ingawa ilichukua zaidi ya miaka kumi watu kukubali. Nawasikia wenzangu wakisema wasomaji waliyakimbia magazeti. Kwetu sisi wasomaji hawakukimbia; maboksi yalikuwa yanakwisha kila wiki. Waliokimbia ni wenye vyumba vya kupangisha. Boston Phoenix lilifungwa Machi 2013, Bay Guardian Oktoba 2014, Baltimore City Paper Novemba 2017. The Village Voice liliacha karatasi mwaka 2017 na kufungwa mwaka uliofuata, kisha likafufuliwa mwaka 2021. Chicago Reader liliuzwa mwaka 2018 kwa dola 1. Dola moja, pamoja na madeni yake.

Sasa, watu.

Nianze na mwandishi wa uchunguzi, kwa sababu huyu ndiye niliyemhurumia zaidi. John Conroy wa Chicago Reader aliandika mwaka 1990 kuhusu polisi wa Chicago waliokuwa wanatesa washukiwa chini ya kamanda Jon Burge, na akaendelea na habari hiyo kwa miaka mingi wakati wengine wanaipita. Desemba 2007 akapunguzwa kazi, yeye na wenzake watatu. Mwaka uliofuata Burge akashtakiwa, na kesi ilipofika mahakamani mwaka 2010 Conroy aliiripoti kwenye blogu ya kituo cha redio. Baadaye akaenda kufanya upelelezi kwenye kliniki ya sheria ya Chuo Kikuu cha DePaul. Angalia njia hiyo vizuri. Ufundi wake haukubadilika: kusoma majalada, kugonga milango, kumsikiliza mtu ambaye hakuna anayemwamini. Mwajiri ndiye aliyebadilika, kutoka gazeti kwenda sheria. Nimekutana na wengi waliofuata njia kama hiyo, wakaishia kwa mawakili, kwenye vyama vya wafanyakazi na kwenye mashirika ya haki. Kwenye takwimu za ajira wanahesabiwa kuwa wameacha uandishi. Sijui kama wao wenyewe wangekubali.

Kuna waliohamia mtandaoni moja kwa moja na kung'ara. Mark Schoofs alipata Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2000 kwa mfululizo wa makala nane kuhusu UKIMWI barani Afrika, alizoziandika kwa ajili ya The Village Voice. Gazeti la bure la mjini kumtuma mtu Afrika kwa kazi ya namna hiyo! Baadaye akaenda kuunda timu ya uchunguzi ya tovuti ya BuzzFeed News, na akawa mhariri wake mkuu. BuzzFeed News nayo ikapata Pulitzer mwaka 2021, na mwaka 2023 ikafungwa. Kwa hiyo anayekuambia kwamba mtandaoni ndiko kwenye usalama, mwambie akupe mfano mwingine.

Wahakiki wana hadithi yao. Robert Christgau alikuwa The Village Voice kwa zaidi ya miaka thelathini akizipa albamu alama kama mwalimu anayesahihisha mitihani. Mwaka 2006 wamiliki wapya wakamwondoa. Safu yake ikahama nyumba hadi nyumba, na tangu mwaka 2019 anaiandika kama jarida la baruapepe ambalo wasomaji wanalilipia wenyewe. Dan Savage, aliyeanza safu yake ya ushauri wa mapenzi kwenye The Stranger gazeti lilipozaliwa, aliifanyia podikasti tangu mwaka 2006, mapema kabisa. Wawili hawa walikuwa na kitu ambacho mwandishi wa kawaida wa habari hana: msomaji aliyezoea kumfungua yeye kwanza kabla ya ukurasa wa mbele. Safu ya kila wiki inajenga mazoea, na mazoea yanahama na mwenye safu. Habari nzuri ya mara moja haihami na mtu.

Wasanifu kurasa nitawapitia haraka. Walishazoea kubadilishiwa zana. Waliokuwa wanakata vipande vya maandishi kwa wembe na kuvibandika kwa nta ya moto walihamia kwenye QuarkXPress, programu ya kompyuta ya kupangia kurasa, bila kulia sana, na wengi wakahamia kwenye tovuti. Walicholalamikia ni skrini ya simu, ambayo haina ukurasa wa kusanifu. Kila kitu kinateremka kama maji ya bomba.

Wauza matangazo walitawanyika. Mtu aliyezoea kuuza robo ukurasa kwa mwenye klabu alipoambiwa auze kibango cha tovuti kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, alifanya hesabu ya kamisheni yake na kuondoka. Wajanja waligundua kwamba walichokuwa wakiuza miaka yote ni uhusiano na wenye kumbi, wakaanza kuuza matamasha. Hilo lilikuwa na mfano wa zamani: watu wa The Austin Chronicle, gazeti mbadala la Austin, walikuwa miongoni mwa walioanzisha tamasha la South by Southwest mwaka 1987, na tamasha likalizidi gazeti umaarufu.

Na madereva? Makala zote zinazohusu mageuzi ya kidijitali zinawasahau. Kulikuwa na watu waliokuwa wanapakia magari alfajiri ya Jumatano na kujaza mamia ya maboksi, wanajua boksi lipi limevunjwa kioo, duka lipi linatupa magazeti yetu kwenye pipa, na kona ipi nakala zinakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Walikuwa wanajua mzunguko wetu kuliko idara nzima ya masoko. Hakuna aliyewauliza lolote. Tovuti haihitaji gari, na wakaondoka na malipo ya wiki chache.

Narudi kwa karani, maana nimemwacha mlangoni.

Gazeti letu lilipojenga tovuti yake ya kwanza ya maana, mhariri alidhani kazi ni kumwaga makala mtandaoni. Makala zikamwagwa. Lakini takwimu za ziara zilipokuja, kurasa zilizokuwa zinafunguliwa zaidi Ijumaa na Jumamosi ni za ratiba: nini kinapigwa leo, wapi, saa ngapi. Ratiba nayo ilikuwa imewekwa kama makala, aya moja ndefu, kwa hiyo ukitafuta muziki wa jazi wa bure karibu na ulipo, huwezi kuupata. Fundi wa tovuti akaja kwangu na daftari. Akaniuliza: tukio lina sehemu ngapi? Nikamwambia tisa, na nikamtajia kama ninavyotaja majina ya wadogo zangu. Akauliza je, ukumbi ukihama? Nikamwambia ukumbi usiuandike ndani ya tukio. Uandike peke yake mara moja, halafu matukio yote yaelekezwe kwake, ukihama unasahihisha mahali pamoja. Akaniangalia kwa muda. Nilikuwa nimemweleza jinsi hifadhidata inavyofanya kazi, na sikujua kwamba ina jina. Mimi nilikuwa na boksi la kadi za kumbi, kadi moja kwa ukumbi mmoja, kwa sababu nilichoka kusahihisha anwani moja mara kumi na mbili.

Siku hiyo sikupandishwa cheo. Lakini miaka miwili baadaye walipoanza kupunguza watu, mimi nilikuwa miongoni mwa wachache waliojua kwa nini mfumo unakataa kuchapisha. Nikabaki. Na gazeti lilipofungwa nilikuwa na kazi nyingine kabla kiinua mgongo hakijaingia benki.

Sio mimi peke yangu. Kampuni iliyokuwa na The Stranger na Portland Mercury iligeuza ratiba zake kuwa EverOut, kalenda ya matukio inayojitegemea, na ikawa na biashara ya kuuza tiketi pembeni. Mwaka 2020 korona ilipofunga kumbi, The Stranger liliacha kuchapa na kupunguza wafanyakazi, maana bila matukio hakuna matangazo. Lakini mwaka 2024 magazeti hayo yalipouzwa, kalenda na tiketi viliuzwa pamoja nayo, tena si kama takataka za chini ya kabati.

Najua pingamizi: Facebook na Google vilikuja navyo vikachukua ratiba. Ni kweli. Ratiba kama bidhaa ilipata kipigo. Mimi nazungumzia mtu. Aliyefundishwa na simu za Alhamisi kwamba saa ya mlango ikikosewa kuna binadamu amesimama kwenye baridi, huyo anaweza kukaa kwenye kazi yoyote ya data, bidhaa au mifumo. Kwenye usaili, nikiona mtu ameandika kwa aibu, mwisho kabisa wa wasifu wake, kwamba alishika ratiba kwenye gazeti la wiki, naanza mazungumzo hapo hapo.

Kwa wanaoniuliza ushauri ninao mmoja tu wa dhati: hifadhi kazi zako mwenyewe. Mwaka 2017 mmiliki wa tovuti za habari za DNAinfo na Gothamist alizifunga zote mbili kwa siku moja, na kwa muda ukibofya makala yoyote ulikuwa unakuta barua yake tu. Makala zilirudishwa, lakini waliokuwa wanaomba kazi jioni ile walikuwa na viungo vinavyokwenda kwenye barua ya kwaheri. Boston Phoenix lilibahatika, hazina yake ilikabidhiwa Chuo Kikuu cha Northeastern. Letu halikukabidhiwa popote. Seva ilizimwa ada ilipokwisha.

Mkusanyo pekee wa nakala zetu ninaoufahamu uko kwa mmoja wa wale madereva. Kila Jumatano alikuwa anachukua nakala moja kwenda nayo nyumbani, miaka yote, na kuipanga kwa tarehe kwenye stoo ya nyuma. Sasa waandishi wetu, wakiwemo wale wa korido, wanampigia simu kuomba miadi. Wanakuja na simu zao, wanapiga picha makala zao ukurasa kwa ukurasa. Masharti yake ni mawili: unanawa mikono kwanza, na nakala haitoki nje ya mlango.