Matenki mawili kwenye gari la nozeli: dhana potofu na ukweli

Kwa gari linalotoka Mwanza kwenda Ukerewe au vijijini Geita, tenki la pili ni msaada mkubwa. Kwenye kabureta (mfumo wa zamani wa kulisha injini mafuta) kulifunga si kazi ngumu. Kwenye nozeli, ambako mafuta yanapulizwa injini kwa presha, kuna bomba la kurudisha mafuta ya ziada kwenye tenki, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia.

Dhana: Ukifunga valvu ya kuchagua tenki kwenye bomba la kwenda injini, umemaliza.

Umefanya nusu. Chukua pampu inayosukuma lita 100 kwa saa. Injini ikitumia lita 12, lita 88 zinarudi. Ukivuta tenki la nyuma huku bomba la kurudi limeelekea la mbele, unahamisha mafuta bila kujua. Tenki la mbele lenye nafasi ya lita 40 linajaa kwa dakika 27 hivi: umetoka Nyakato, hujafika Magu, petroli inachuruzika kwenye mpira wa kupumulia na kudondokea karibu na ekzosi. Magari yameungua hivyo.

Dawa yake ni valvu moja ya njia sita, mbili za kila tenki na mbili za injini, inayogeuza kwenda na kurudi kwa pamoja. Valvu mbili za mkono usizikubali. Ipo siku dereva atageuza moja na kusahau ya pili. Ukimaliza, chagua tenki la nyuma, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta (sailensa) dakika 10, uangalie geji ya la mbele. Ikipanda, mabomba ya kurudi yamepishana.

Dhana: Tii (kiungo cha njia tatu cha kuunganisha matenki mawili kwenye bomba moja) inatosha.

Tenki moja likikauka, pampu itavuta hewa huko hata kama la pili limejaa pomoni. Presha, ambayo kwa kawaida ni bar 2.5 hadi 3.5, inaanguka na gari linakata kama limeishiwa mafuta. Pampu nayo hupozwa na petroli inayopita ndani yake, hivyo ikizunguka kavu inaungua. Kuunganisha matenki chini kwa mpira mnene nako kunafaa tambarare tu. Liegeshe kwenye mteremko wa Bugando uone mafuta yote yanavyohamia upande mmoja.

Dhana: Lazima kila tenki lilishe injini.

Si lazima, na magari mengi ya karibuni hayana hata bomba la kurudi, kwa sababu presha inadhibitiwa ndani ya tenki. Tunachopendelea ni kuacha mfumo wa kiwandani ulivyo, tenki la ziada liwe ghala. Chini yake weka filta, kisha pampu ya umeme ya kabureta (chini ya bar 0.5), yenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi ya ampea 10, ikipata umeme swichi ya gari ikiwa imewashwa tu. Mpira wa milimita 8 uingie juu, kwenye shingo ya tenki kuu. Hamisha mafuta geji ya tenki kuu ikifika nusu, zima kabla halijajaa. Tenki la ziada likiwa juu kuliko kuu, ongeza valvu ya umeme inayojifunga pampu ikizimwa, la sivyo mafuta yatashuka yenyewe usiku kucha.

Dhana: Mpira wa petroli ni mpira wa petroli.

Soma ubavuni. Wenye alama ya kiwango SAE 30R7 ni wa kabureta, 30R9 ni wa nozeli. Kipande kinachozama ndani ya tenki kiwe 30R10, maana mipira mingine ganda lake la nje huvimba na kulainika. Klipu za meno hukata mpira. Tafuta za mkanda laini na bolti. Kabla ya kufungua chochote toa fyuzi ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, kisha chomoa hasi ya betri.

Dhana: Tenki la ziada likifungwa kabisa ni salama zaidi.

Tenki lisilopumua hujivuta ndani, pampu inalia, mafuta yanagoma kutoka. Lipe mpira wake wa kupumulia, upande juu kuliko shingo ya kujazia, uwe na valvu ya kuzuia mafuta gari likipinduka, na mdomo wake uelekee chini ili mvua na vumbi visiingie.