Sabuni ya kunyolea: utoe pesa ngapi? Maswali na majibu kuhusu ndevu, wembe na vipele

Mtu akitokwa na vipele kidevuni, kitu cha kwanza kubadilisha ni sabuni. Ananunua ya bei kubwa zaidi, vipele vinabaki palepale, anapanda bei tena. Majibu haya yanaeleza sabuni inaweza kufanya nini, haiwezi nini, na pesa iende wapi.

Sabuni ya kunyolea ina kazi gani hasa?

Mbili tu: kuyashikilia maji kwenye ndevu, na kuifanya ngozi iteleze ili wembe usiikwangue. Kinacholainisha ndevu ni maji. Unywele mkavu ni mgumu. Wembe huuvuta kwanza ndipo uukate, na hapo ndipo unaposikia maumivu. Ukiloa kwa dakika 2 hadi 3, hasa kwa maji ya vuguvugu, unavimba, unalainika na kukatika kwa nguvu ndogo. Sabuni huondoa mafuta yaliyouzunguka ili maji yapenye, kisha povu huzuia maji hayo yasikauke. Ndiyo maana anayenyoa mara tu baada ya kuoga, kwa sabuni ya kawaida, huumia kidogo kuliko aliyepaka krimu ya gharama kwenye uso mkavu na kuanza papo hapo.

Sasa nitenge kiasi gani?

Usiangalie bei ya kopo. Angalia gharama ya kila unaponyoa. Sabuni ngumu ya kunyolea, ile inayosuguliwa kwa brashi, hutumika gramu 1 hivi kwa uso mmoja, mara nyingi hata pungufu. Tuseme kidonge cha gramu 100 umekinunua shilingi 6,000: utanyoa mara 100, sawa na shilingi 60 kila mara. Krimu ya tyubu unayoitumia kwa brashi haihitaji zaidi ya tone la ukubwa wa punje ya dengu kubwa. Povu la kopo la kubonyeza ndilo linaloisha haraka, kwa sababu sehemu kubwa ya unachokiona kiganjani ni hewa, na mkono hauna kipimo. Kopo la shilingi 9,000 likikufikisha mara 40, umelipa shilingi 225 kila mara, karibu mara nne ya kidonge.

Weka hesabu yako kwa bei za duka lako. Ushauri wetu ni huu: gharama ya sabuni isizidi gharama ya wembe kwa kila unaponyoa. Ikizidi, punguza kwenye sabuni, ongeza kwenye wembe. Wembe butu haurekebishwi na povu lolote.

Sabuni ya bei kubwa ina kitu gani cha ziada?

Mara nyingi ni manukato, kopo zuri na jina. Kinachofanya povu liwe zito na lidumu ni asidi ya steariki, aina ya mafuta yaliyochemshwa pamoja na magadi makali ya potasiamu na sodiamu, pamoja na glisirini inayovuta unyevu. Soma lebo: ukikuta "stearic acid" mwanzoni mwa orodha, halafu "potassium hydroxide" na "glycerin", unayo sabuni halisi ya kunyolea, iwe ya bei ya chini au ya juu. Manukato mengi hayakuongezei kitu kwenye ngozi. Kwa wengine ndiyo yanayoleta mwasho na wekundu. Mwenye ngozi inayowashwa upesi hunufaika zaidi na sabuni isiyo na harufu kuliko na ya gharama. Ukitaka kuijaribu, paka povu ndani ya kiwiko, liache dakika 5, suuza. Rudia mara mbili kwa siku kwa wiki nzima kabla ya kulipeleka usoni.

Nina vipele kila nikinyoa. Sabuni ipi itaviondoa?

Hakuna. Vipele vya ndevu kwa watu wenye nywele za kujikunja haviletwi na uchafu wala uhaba wa sabuni. Unywele uliokatwa karibu sana huacha ncha kali kama mwiba. Ukikua, unapinda kufuata umbo lake na kuchoma ngozi, kidogo tu kando ya ulipotokea. Au, ukiwa umeivuta ngozi wakati wa kunyoa, ncha inarudi chini ya ngozi na kutoboa ukuta wa kitundu chake kwa ndani. Mwili unaupokea kama mwiba wa kweli: unavimba, unawasha, unatoa usaha, na mwisho panabaki alama nyeusi. Ukiangalia kwa kioo chini ya taya, mara nyingi utaona kitanzi cheusi chembamba kikiwa kimejizika ncha zote mbili.

Kwa hiyo dawa ni kutokukata karibu mno. Vipele vikiwa vimechachamaa, acha kunyoa kwa wiki 4 angalau. Ndevu hukua karibu milimita 10 kwa mwezi, na zikirefuka hivyo vitanzi vingi hujifyatua vyenyewe. Kitanzi kilichobaki kiinue taratibu kwa sindano safi mpaka ncha itoke, ila usiung'oe unywele: ukiung'oa, mpya utaota ndani. Baada ya hapo tumia mashine ya umeme inayobakiza milimita 1 au zaidi. Kama kazi yako inadai uso ulionyolewa kabisa, tumia wembe mmoja, si vichwa vya wembe tatu au tano, maana wembe wa kwanza huvuta unywele na unaofuata huukata chini ya usawa wa ngozi. Ulaini huo unaosifiwa ndio chanzo cha kipele cha kesho kutwa.

Krimu za mchanganyiko zenye betamethasoni (dawa kali ya steroidi ya kutuliza uvimbe), zinazouzwa dukani kwa kila tatizo la ngozi, zisiwe kimbilio. Zinatuliza uvimbe kwa siku chache, lakini zikiendelezwa huifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba na kuiachia chunusi na mabaka. Vinundu vikianza kuwa vigumu na kukua, hasa kisogoni kwa wanaonyoa upara, usaha ukisambaa, au ukipata homa, nenda kituo cha afya mapema. Kovu lililokwisha kuvimba ni kazi ngumu kulirudisha.

Naweza kutumia sabuni ya kuogea? Na ya mche?

Ya kuogea, ndiyo, ikibidi. Tatizo lake ni povu jepesi linalokauka kabla hujamaliza shavu la pili. Tonesha matone 3 au 4 ya glisirini kwenye povu, litakaa zaidi. Nyoa upande mmoja kwanza, paka tena, ndipo uende wa pili. Ya mche ya kufulia, hapana: mara nyingi hubaki na magadi yasiyoungana na mafuta, na hayo huchoma ngozi iliyokwanguliwa. Sabuni ya unga usiisogeze usoni kabisa.

Mbona povu langu halishiki?

Chunguza maji. Maji mengi ya visima, hasa pwani, yana chumvi na madini ya kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo huikamata sabuni na kuigeuza utando mweupe unaogandia beseni na uso. Watu hudhani sabuni ni mbovu wakanunua nyingine. Kikombe kimoja cha maji ya mvua kinatosha kutengeneza povu. Ya kisima yatumie kusuuzia. Maji yakiwa mazuri na povu bado ni la mapovu makubwa kama ya kuoshea vyombo, umeweka maji mengi: kung'uta brashi, chukua sabuni zaidi. Povu zuri linafanana na mtindi mzito.

Ninyoe vipi, hatua kwa hatua?

Lowesha uso dakika 3, au kandika taulo lililochovywa maji ya vuguvugu. Paka povu kwa kuzungusha brashi dakika 1, ili ndevu zisimame. Papasa kujua zinalala upande gani. Shingoni mara nyingi zinalala ovyo, na hapo ndipo wengi wanapojikata. Fuata zinakolala, bila kuvuta ngozi, bila kukandamiza, kwa misogeo mifupi, ukisuuza wembe kila baada ya mmoja au miwili. Usirudie mahali pasipo na povu. Suuza vizuri, kwa sababu sabuni yoyote ya kweli ina magadi na ngozi yenyewe ni ya asidi kidogo. Povu linaloachwa likauke ndilo linalowasha jioni.

Baada ya hapo nipake spiriti, Dettol au ndimu?

Hakuna hata kimoja. Spiriti inakausha na kuchoma, Dettol isiyozimuliwa inaunguza, ndimu ikikutana na jua huacha mabaka. Maji baridi na mafuta ya mgando kidogo yanatosha. Palipotoka damu, gusisha kipande cha shabu kilicholoweshwa, kisha suuza. Shabu hiyo iwe yako peke yako.

Sabuni inayoahidi kung'arisha uso?

Iache. Baadhi ya sabuni za kung'arisha zimekutwa na zebaki, inayoingia mwilini na kuharibu figo. Isiyoorodhesha viambato usinunue.

Nikinyolewa kwa kinyozi?

Wembe ufunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Virusi vya homa ya ini B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, hata kwenye tone la damu lililokauka lisiloonekana. Kichwa cha mashine kioshwe kwanza, kisha kilowekwe dakika 10 kwenye Jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6. Na brashi ya povu inayopita kwenye nyuso za wateja wote ikatae kwa upole: mwombe akupake povu kwa mkono uliooshwa, au beba brashi yako.